Mtoa mada, usithubutu kuwasha seva mbili kwenye folda moja

Mkuu, ishia hapo hapo. Umesema TiddlyWiki yako, yaani daftari la noti linalofunguka kwenye brauza, ya faili moja la HTML imenenepa mpaka kuisevu ni mateso, unataka kuihamishia Node.js (programu inayoendesha JavaScript nje ya brauza) ili iwe seva, na umeuliza vitu vinne: amri za kuhamisha, picha ziende wapi, simu itaingiaje, na kama ni sawa folda ikae kwenye programu ya kusinki (inayonakili mafaili kati ya mashine zako yenyewe) ili uwashe seva ofisini na nyumbani. Hilo la nne ndilo lililonitoa mafichoni.

Kuhamisha si kazi. Unaandika tiddlywiki --load daftari.html --savewikifolder ./daftari na kila noti inakuwa faili lake la .tid. Halafu tiddlywiki ./daftari --listen, unafungua 127.0.0.1:8080 kwenye brauza, umemaliza. Ila likija onyo kwamba plagini (programu za nyongeza) za filesystem na tiddlyweb hazimo kwenye tiddlywiki.info, lile faili la mipangilio ndani ya folda, ziongeze kwanza kwenye orodha ya plagini. Bila hizo utaandika weee na kwenye diski hakuna kitu.

Sasa hiyo habari ya kusinki. Mimi ni fundi wa fotokopi, na noti zangu zote zilikuwa humo: namba za hitilafu za kila mashine, bei za spea, na noti moja ndefu ya madeni ya wateja. Kuna jamaa wa video, mwenye maikrofoni kubwa kuliko akili, alisema uweke folda kwenye programu ya kusinki, uwashe seva kila mashine, "zitaelewana zenyewe". Watu wamejaa chini wanamwekea makofi. Na mimi nilimwekea, msinicheke.

Haziwezi kuelewana, na sababu ni hii. Seva ya TiddlyWiki inayasoma mafaili ya .tid mara moja tu, inapowashwa. Baada ya hapo kila kitu kiko kwenye memori yake. Ni kama karani aliyekariri daftari asubuhi: ukibadilisha ukurasa mchana yeye hana habari, atakujibu ya asubuhi kwa kujiamini kabisa. Programu ya kusinki inaleta faili jipya, linatua kwenye folda, seva wala haigeuzi shingo.

Mimi mchana nipo dukani, mama wa stesheneri amelipa, nafuta deni lake. Faili linapanda kwenye programu ya kusinki vizuri tu. Lakini laptopu ya nyumbani nilikuwa nimeifunga kifuniko bila kuzima seva. Usiku naifungua, programu ya kusinki inashusha faili la mchana, lakini seva inaamka na memori yake ileile. Naongeza mstari mmoja wa mdaiwa mpya, nasevu. Seva haiandiki mstari mmoja, inaandika noti nzima: orodha ya zamani pamoja na huo mstari. Programu ya kusinki inaona faili jipya kabisa, inalibeba kwa furaha kulipeleka dukani. Hakuna onyo, hakuna faili la mgongano, kwa sababu kwa macho yake hakuna mgongano wowote: nyumbani ilishapokea toleo la mchana, halafu kuna mtu kalihariri.

Kinachoua zaidi ni kwamba dukani sikuona kitu. Seva ya kule nayo ilikuwa na memori yake sahihi, kwa hiyo kila mashine inaapa yake. Umeme ulipokatika na kurudi, seva ikasoma upya, na deni la yule mama likafufuka. Nikampigia, tena kwa sauti ya mtu anayedai haki yake. Akanitumia meseji ya M-Pesa, bila neno lolote juu yake. Mkuu, afadhali angenitukana. Na wale ambao madeni yao mapya yalifutika kwa njia hiyohiyo? Kimya. Hakuna hata mmoja aliyepiga kuuliza mbona sidai.

Halafu ona ujanja wa balaa hili: noti usizozigusa zinabaki salama. Zinazoliwa ni zile unazohariri kila siku, yaani zile unazozihitaji. Bakapu? Nilidhani kusinki ndiyo bakapu. Lile kosa lilisinkiwa kwa uaminifu kila mahali.

Kwa hiyo kanuni ni moja, iandike ukutani: folda moja, mashine moja, seva moja. Wengine wote waje kwa brauza. Hapo hata ukifungua kwenye brauza mbili tabu ni ndogo, kwa sababu zote zinaongea na seva ileile na kila dakika hivi zinaiuliza kama kuna jipya. Ukitaka ifikike na vifaa vingine kwenye Wi-Fi yako, ongeza host=0.0.0.0 mwishoni mwa ile amri ya --listen, lakini weka na username na password, maana ukiiacha wazi mpangaji wa chumba cha pili atasoma madeni yako na kuyahariri. Usifungue .tid kwa mkono seva ikiwa inakimbia, ni kosa lilelile kwa mlango mwingine. Bakapu fanya kwa git (programu inayotunza historia ya mafaili), folda nzima, kila jioni. Mafaili ya .tid ni maandishi matupu, kwa hiyo utaona hadi mstari uliobadilika.

Usiniambie "nitakuwa makini kuzima". Mimi pia nilikuwa makini, ndiyo maana niliizima kila siku isipokuwa ile.

Kama za kwako tayari zinakimbia zote mbili, zima ya nyumbani sasa hivi kabla hujasevu chochote, nakili folda pembeni, halafu weka hapa hiyo tiddlywiki.info tuione.