Namba 2,147,483,647: majibu kwa wasomaji

Swali: Nimesoma kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa. Nitaaminije, ikiwa siwezi kujaribu vigawo vyote?

Huna haja ya kujaribu vyote. Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 31, ukitoa 1, na kama ingekuwa na vigawo zaidi ya 1 na yenyewe, kimojawapo kisingezidi kipeuo chake cha pili, yaani 46,340 na ushei. Hata hivyo kazi ingekuwa ndefu mno kwa mkono. Mwanahisabati Leonhard Euler, akiwa Saint Petersburg, Urusi, na macho yake yakiwa karibu yamepofuka, aliifupisha kwa hoja: kigawo tasa cha namba hii lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 62, na tena kibakize 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. Ukiunganisha masharti hayo, zinasalia namba zile tu ambazo zikigawanywa kwa 248 hubakiza 1 au 63. Ya kwanza iliyo tasa ni 311, nayo huingia mara 6,905,092 na kuacha baki ya 35, kwa hiyo si kigawo. Inayofuata ni 1,303, nayo haifai. Hakuna hata moja iliyofaa, na mwaka 1772 Euler alitangaza kuwa namba hiyo ni tasa. Hadi 1867 haikujulikana namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Swali: Je, kipeo chochote kilicho tasa kinatoa namba tasa kwa njia hii?

La. Kipeo cha 11 hutoa 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Lililo hakika ni kwamba kipeo kisipokuwa tasa, jibu nalo haliwi tasa. Zinazofaulu huitwa namba tasa za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa Marin Mersenne, na hii ni ya 8.

Swali: Ina uhusiano gani na namba kamilifu?

Namba kamilifu hulingana na jumla ya vigawo vyake, yenyewe ikiachwa, kama 6 ambayo ni 1, 2 na 3. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alionyesha kuwa kila namba tasa ya aina hii huzaa namba kamilifu. Hii yetu, ikizidishwa kwa 1,073,741,824, hutoa 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba kubwa zaidi ya hiyo haitapatikana kamwe. Kwa maoni yangu alipima udadisi wa wanahisabati kwa kibaba kidogo, kwani kubwa zaidi zimekwisha kupatikana nyingi.

Swali: Kwa nini wataalamu wa kompyuta huitaja mara kwa mara?

Kwa sababu ndiyo namba nzima kubwa kuliko zote inayoweza kuhifadhiwa katika biti 32 (nafasi za kompyuta zenye 0 au 1), biti moja ikitengwa kwa alama ya chanya au hasi. Mifumo mingi ya zamani huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa nafasi hiyo hiyo, nayo itafikia kikomo tarehe 19 Januari 2038, saa 12:14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde itakayofuata, mfumo usiorekebishwa utaisoma tarehe kuwa ya Desemba 1901.