Jibu: Niweke lengo la hatua 10,000 kwenye programu yangu ya simu ya mazoezi?

Ndugu, umeuliza kama hatua 10,000 kwa siku ni lengo zuri kwa mama zetu wa hapa Tanga. Mimi nasema hapana. Namba hiyo ilienea kutokana na kifaa kilichouzwa Japani mwaka 1965, Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara. Utafiti wa wanawake wazee Marekani uliotoka 2019 ulionyesha faida ikiongezeka hadi hatua kama 7,500, kisha ikatulia. Pima kwanza wiki ya kawaida ya kila mtu, halafu mwongezee kidogo kidogo.

Linaloniuma zaidi ni baiskeli. Mji huu ni wa baiskeli! Mtu anatoka Ngamiani hadi Raskazone na kurudi, jasho linamtiririka, na simu iliyo kwenye kikapu inamwambia hajafanya kitu, kwa sababu inasoma mtikisiko wa mwili unaotembea. Na anayetwanga au kufua je? Weka sehemu ya kujiandikia mwenyewe, kwa dakika. Shirika la Afya Duniani nalo linahesabu dakika: 150 hadi 300 kwa wiki, za mwendo wa wastani.

Orodha ya washindi iache kabisa, inawavunja moyo wanaoshika mkia. Mfumo wa UbiFit kule Marekani ulichora bustani kwenye skrini ya simu, maua yakichipua kila ukifanya zoezi. Wewe chora mchungwa wa Muheza, uzae chungwa kila mtumiaji anapopanda baiskeli.