Muulize Muuguzi: Mtoto anahara kila muhula

Swali: Hujambo sista? Mwanangu yuko gredi ya 2 hapa Kayole na hamalizi muhula bila kuhara. Mwalimu analaumu chakula cha nyumbani, mimi nalaumu choo cha shule. Nani mkweli?
Mama Gredi ya Pili

Jibu: Mama, kesi hiyo siiamui nikiwa huku. Nianze na mtungi wako wa maji. Maji yanaweza kununuliwa safi yakachafukia humo ndani, hasa kwenye zile kona zenye utelezi wa kijani ambako mkono haufiki. Tia kokoto, sabuni na maji kidogo, tikisa kwa nguvu, suuza. Ya kunywa yachemshe mpaka yatokote, uyahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko na bomba. Kikombe cha kuchotea hubeba uchafu wa vidole vya kila mtu.

Shuleni, ulizia sabuni iko wapi. Mara nyingi imefungiwa ofisini isiibwe! Wazazi wanaweza kutoboa kijerikeni cha lita 5 cha maji ya kunawa, kikaning'inizwa mlangoni mwa choo, na sabuni ikafungwa kwa kamba.

Akihara tena, mpe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) iliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, si soda. Ongeza zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma mapema. Ukiona damu kwenye kinyesi, macho yamebonyea, au hawezi kunywa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.