Rimoti ya gari inayofanya kazi mpaka uikamue: je, programu imefutika?

SWALI

Fundi, habari ya kazi. Nina Toyota ya mwaka 2014 iliyotoka Japani, ya kuwasha kwa kitufe, na ilikuja na ufunguo mmoja tu. Tangu Januari kitufe cha kufunga kimekuwa kizito. Nabonyeza mara tatu nne ndipo milango ijifunge, ingawa cha kufungua hakijawahi kunisumbua. Mwezi jana rimoti nzima ikaanza kuchoka, nikanunua betri kwa mchuuzi pale stejini. Ya zamani iliandikwa CR2032, hii CR2025, akaniambia ni kitu kimoja. Siku mbili ikawa sawa, kisha ikawa mpaka niikamue kwa vidole ndipo isikie. Juzi gari likakataa kabisa kuwaka, nikiwa maegesho ya chini ya jumba moja Westlands hapa Nairobi, saa tatu usiku. Nilirudi nyumbani kwa teksi.

Jirani aliielekeza rimoti kwenye kamera ya simu, hakuona mwanga, akasema imekufa. Fundi mmoja wa Barabara ya Kirinyaga naye anasema programu ilifutika betri ilipotolewa, nilipe shilingi 18,000 kwa rimoti mpya na kuiprogramu. Nimlipe? Na ni kweli kwamba ukiishikilia rimoti kidevuni inafika mbali zaidi?

Mama Baraka, Donholm

JIBU

Mama Baraka, pole kwa usiku ule. Pesa zako zikae mkobani kwanza. Kwa ulivyoeleza, rimoti yako ina hitilafu mbili zilizokutana, na hakuna hata moja inayohusu programu.

Nianze na hilo la programu, maana ndilo linalowatoa watu pesa. Namba ya siri ambayo gari linaitambua imeandikwa kwenye chipu isiyohitaji umeme ili ikumbuke. Ni kama laini ya simu: ukizima simu wiki nzima, namba yako haipotei. Rimoti inaweza kukaa mwaka mzima droweni bila betri, na ukiirudishia nyingine itasalimiana na gari kama kawaida. Kinachoweza kuyumba ni hesabu. Kila ukibonyeza, rimoti hutuma namba tofauti na ya mwanzo, na gari hufuatilia hesabu hiyo ili mwizi aliyenasa namba ya jana asiitumie leo. Mtoto akiichezea akabonyeza mamia ya mara mbali na gari, hesabu hizo zinaweza kupishana. Hata hapo, kwa magari mengi inatosha kusogea karibu na kubonyeza mara chache. Na kama hesabu zingekuwa zimepishana, kukamua plastiki kusingesaidia chochote.

Sasa betri. Namba iliyochorwa juu yake ni vipimo. Tarakimu mbili za mwanzo ni upana kwa milimita, mbili za mwisho ni unene katika sehemu za kumi za milimita. CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa 3.2, CR2025 ina upana uleule, lakini unene ni 2.5. Volti ni 3 kwa zote mbili, ndiyo maana mchuuzi anaapa kuwa ni kitu kimoja, na inaingia bila ubishi. Lakini milimita 0.7 iliyopungua ndiyo iliyokuwa ikiibana betri kwenye vibati vyake. Ukiiweka nyembamba, vibati vinaigusa kwa kuvizia. Siku mbili za kwanza viligusa, kisha rimoti ikagongwagongwa na funguo nyingine mkobani, vikaachia. Unapoikamua, ganda linajipinda kidogo na kuvirudisha mahali pake. Huo ndio uchawi wote.

Usijaribu kuziba nafasi hiyo kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nimefungua rimoti kadhaa zilizofanyiwa hivyo. Betri hizi zina upande chanya unaozunguka mpaka ubavuni, kwa hiyo karatasi ikiteleza kidogo inaunganisha chanya na hasi, na betri inakauka usiku mmoja. Nunua CR2032, basi. Nenda duka la vifaa vya umeme, Barabara ya Luthuli yako mengi, uichukue ikiwa imefungwa peke yake kwenye kadi yake na ina tarehe ya mwisho. Zile zinazomwagwa kwenye sinia zikigusana huwa zinamalizana zenyewe kabla hujazinunua. Mwenye duka akiwa na multimita, yaani kipima umeme, mwombe aipime mbele yako: mpya husoma volti 3 na zaidi kidogo, kama 3.2. Ikisoma 2.8 iache hapo hapo. Kumbuka tu kwamba betri ya lithiamu kama hii ni mnafiki. Husoma karibu 3 hata ikiwa imebaki na pumzi ndogo. Kipimo cha kweli ni kuipima ikiwa ndani ya rimoti huku kitufe kimebonyezwa. Namba ikiporomoka kuelekea 2.5, hiyo si betri tena.

Kuifungua ni kazi ya dakika tano. Sukuma kile kifungio kidogo cha ubavuni, uvute ufunguo wa chuma uliojificha ndani. Pale ulipotoka kuna mwanya. Ingiza bisibisi bapa nyembamba iliyofungwa kitambaa, uisokote polepole mpaka ganda litengane. Kabla hujatoa betri, angalia upande upi umetazama juu, au upige picha kwa simu. Usiishike mpya kwa kubana nyuso zake mbili, mafuta ya vidole huacha ukoga, ishike ubavuni. Angalia vibati: kama vimelala, viinue kwa ncha ya bisibisi, kidogo mno, kwa sababu vikikatika hapo ndipo tutaanza kuzungumza habari za gharama. Ukiona weusi au kijani, sugua kwa kifutio cha penseli kisha upanguse kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya duka la dawa huwa na maji ndani, kwa hiyo ukiitumia iache ikauke vizuri sana kabla ya kurudisha betri.

Hilo litakuondolea kukamua. Halitakuondolea shida ya kitufe cha kufunga, ambayo ilianza Januari, kabla ya betri hii kufika. Hapa umenisaidia sana kwa kusema kwamba cha kufungua hakijawahi kukusumbua. Vitufe vyote viwili hutumia betri moja, antena moja na chipu moja. Kimoja kikizubaa na mwenzake yuko sawa, ugonjwa uko chini ya hicho kimoja tu. (Hakikisha kwanza kwamba mlango au buti haikubaki wazi, na kwamba gari limezimwa kabisa. Gari lililo kwenye hali ya aksesori, yaani umeme umewashwa bila injini, halikubali kufungwa kwa rimoti, na hilo huwapata watu wengi kuliko wanavyokiri.)

Chini ya kila kitufe cha mpira kuna swichi ndogo iliyolehemiwa kwenye bodi. Ndani yake mna kibati chenye umbo la kuba kinacholia “tik” ukikibonyeza. Cha kufunga ndicho hutumika kila mara, tena kwa hasira, kwa hiyo huchoka mapema, au risasi ya kulehemia iliyoishika swichi hupasuka. Ukiwa umeitoa bodi, bonyeza swichi yenyewe kwa kijiti badala ya mpira. Ikifanya kazi vizuri, kosa ni la mpira uliobonyea, na ganda jipya linatosha. Isipofanya, weka multimita kwenye omu, shika miguu miwili ambayo haijaungana yenyewe, ubonyeze: swichi nzima hushuka karibu na sifuri, iliyochoka hubaki kwenye mamia au haisomi kitu. Fundi yeyote anayetengeneza simu anaweza kuibadilisha, ila mwambie achukue ya umbo na urefu uleule, maana ikizidi urefu ganda litakuwa linaibonyeza muda wote na betri itaisha bila wewe kugusa chochote. Mimi nikikosa swichi ya kufanana huwa nahamisha ile ya kitufe ambacho mwenye gari hakitumii. Wengi hawajawahi kugusa cha buti tangu gari lishuke Mombasa.

Jirani yako alikuwa na nia njema, lakini kipimo chake ni cha rimoti ya televisheni. Ile hutuma mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni na kamera nyingi huona. Rimoti ya gari hutuma mawimbi ya redio, na kamera haitaona kitu hata ikiwa mpya kutoka kiwandani. Ziko Mercedes-Benz za zamani ambazo funguo zake hutumia infraredi, na huenda kipimo hicho kilianzia huko, ila Toyota yako si miongoni mwao.

Turudi Westlands, maana siku ile hukuhitaji teksi. Ufunguo wako una kazi mbili ndani ya ganda moja. Kazi ya mbali, yaani kufungua milango na kulijulisha gari kwamba upo, inahitaji betri. Kazi ya pili ni ya chipu ya kuzuia wizi, na hiyo haihitaji betri kabisa: ikiwekwa karibu sana, kitufe cha kuwashia chenyewe huipa umeme kidogo kwa njia ya sumaku na kuisoma. Kwa hiyo rimoti ikizimika, fungua mlango kwa ule ufunguo wa chuma. Huenda king'ora kikalia. Mweleze mlinzi, kitanyamaza gari likiwaka. Keti, kanyaga breki, gusisha upande wa rimoti wenye nembo ya Toyota kwenye kitufe cha kuwashia, ngoja kilie, kisha kibonyeze ndani ya sekunde chache. Gari litawaka. Jaribu mchana, nyumbani, kabla hujahitaji, kwa sababu tundu la ufunguo mlangoni kwa magari haya halijaguswa miaka na huwa limeshikana kwa vumbi. Unga wa grafiti kidogo hulilainisha.

Ukishaweka betri sahihi na bado gari halisikii, ndipo uende kwa fundi, na umwombe jambo moja kabla ya bei: aiweke rimoti juu ya kipima mawimbi na abonyeze. Kifaa hicho kitaonyesha namba. Rimoti za magari ya Japani huwa kati ya megahezi 312 na 315. Za magari ya Uingereza na Ulaya nyingi huwa 433.92. Namba ikitokea, rimoti yako inatuma, na wa kulaumiwa ni gari: fyuzi, kipokezi, au hata chaja ya simu na dashikamu (kamera za kwenye dashibodi) za bei rahisi zinazopiga kelele kwenye mawimbi. Chomoa kila kitu kwenye soketi ujaribu tena. Namba isipotokea na betri ni nzima, huenda iliangushwa na kile kipande kinachotunga mawimbi kikapasuka. Tofauti ya namba hizo pia ndiyo husababisha watu kuagiza rimoti nzuri mtandaoni, inayofanana kabisa kwa sura, iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya. Haitaongea na gari la Japani hata ikiprogramiwa na malaika.

Ukibaki na hamu ya kutumia zile 18,000, zungumza na fundi huyo kuhusu ufunguo wa pili. Kuongeza ufunguo wakati wa kwanza unafanya kazi ni rahisi na nafuu kuliko kuanza upya baada ya kuupoteza wote, na wewe unao mmoja tu.

Jambo jingine, kwa kuwa huegesha mjini usiku. Rimoti ikikataa kufunga mahali pamoja tu na kwingine kote iko sawa, usiilaumu haraka. Wezi wa maegeshoni hubeba kifaa kinachoziba mawimbi. Unabonyeza ukiondoka, gari halisikii, nao wanafungua mlango kama wenyewe. Sikiliza milango ikijifunga, ona taa zikimulika, kisha vuta kitasa.

Ile CR2025 na betri nyingine yoyote utakayoitoa, izungushie selotepu pande zote mbili na uitupe mahali Baraka hafiki. Mtoto akimeza betri ya namna hii inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili. Ikitokea, ni hospitali moja kwa moja, hata kama anacheza na hana dalili.

Na kidevu? Ni kweli. Kichwa kimejaa maji, na maji hayo huisaidia antena ndogo ya rimoti kusukuma mawimbi mbali kidogo zaidi. Unapata hatua kadhaa za ziada, za kutosha kulitafuta gari kwenye uwanja uliojaa. Ila ukijikuta unafanya hivyo ukiwa umesimama kando ya mlango, betri imekwisha.