Nilifika Legend bila kulipa, baada ya kulipa mno: jibu kwa aliyeuliza kama Hearthstone ni ya matajiri

Mwezi uliopita, siku mbili kabla ya msimu kufungwa, nilishinda mechi yangu ya mwisho katika Diamond 1, ngazi ya mwisho kabla ya Legend, daraja la juu kabisa la Hearthstone, nikiwa nimekaa barazani kwetu Mbagala, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, ndani hakukaliki kwa joto, na simu ilikuwa imebakiwa na chaji ya asilimia 11. Nembo ya Legend ilipojitokeza nilipiga ukelele uliomtoa mama mwenye nyumba chumbani kwake akiwa na tochi, akidhani nimeumwa na nge. Nilimweleza kwamba nimeshinda karata. Aliniuliza nimeshinda shilingi ngapi, na nilipomjibu kwamba hakuna shilingi, alirudi kulala bila kuniaga.

Niliweka picha ya nembo hiyo hapa, na wiki hii msomaji mmoja ameniandikia: “Dada, habari za kazi na hongera. Nimeshusha Hearthstone juzi, lakini nimesoma maoni ya wachezaji karibu mia na wengi wanasema ni mchezo wa kununua ushindi. Mimi ni mwanafunzi, sina hela. Niendelee au nifute?”

Mdogo wangu, nimeamua kukujibu mbele ya watu, na jibu lenyewe ni refu kwa sababu mimi nimekuwa pande zote mbili: nimekuwa yule anayelipa na kushindwa, na sasa ni yule asiyelipa na kushinda. Sitapoteza muda kukueleza faida za kubaki Bronze, daraja la chini kabisa, kwa kuwa sijawahi kukutana na mtu aliyeshusha mchezo huu akiwa na nia ya kubaki huko.

Kwa wasioufahamu, Hearthstone ni mchezo wa karata za kidijitali uliotolewa na kampuni ya Blizzard mwaka 2014, ukiwa na wachawi, mazimwi na mashujaa wa Warcraft, michezo mingine ya kampuni hiyo. Kila mchezaji huja na deki yake ya karata 30 na shujaa mwenye uhai 30, na kila zamu huongezewa mana moja ya kulipia karata, hadi zifike 10. Kuushusha ni bure. Karata hutoka ndani ya pakiti, tano kwa kila pakiti, na pakiti hununuliwa kwa dhahabu 100 unayoipata kwa kucheza, au kwa fedha halisi. Sisi tuliokulia kwenye karata za kawaida za wahedi wa sitini tunajua kwamba pale barazani karata ni zile zile za wote, zinachanganywa, zinagawiwa, na hakuna mtu anayetoka kwao na ree yake mfukoni. Hapa kila mtu anatoka kwao na karata zake, na ugomvi wote unaousoma katika maoni ya wachezaji unaanzia hapo.

Nilianza kucheza mwaka 2018. Ninafanya kazi ya uhasibu katika kampuni moja ya uwakala wa forodha huko Kurasini, na daladala ya asubuhi ilinipa muda wa mechi tatu, wakati mwingine nne kukiwa na foleni. Zamu moja ina sekunde 75, na zinapokaribia kuisha kamba huanza kuungua katikati ya meza. Asiyewahi kutafuta nauli kwa mkono wa kushoto huku konda akimgongea sarafu sikioni na ile kamba ikiungua hajui presha ni nini. Miezi ya kwanza nilicheza kwa furaha. Kisha nikaanza kusoma maoni ya wachezaji wenzangu, na furaha ikaniisha.

Karibu kila aliyeshindwa alisema ameshindwa na pochi ya mtu mwingine. Nami nilikuwa nashindwa, kwa hiyo maelezo hayo yalinifaa sana. Nilijiambia kwamba tatizo langu ni karata, na dawa ya karata ni pakiti. Pale ofisini tulikuwa na mchezo, yaani ule upatu wa wanawake kumi na wawili, na zamu yangu ya kupokea ilipofika nilizitoa fedha za mchezo nikazipeleka kwenye mchezo. Nilinunua pakiti katika toleo jipya la karata, na toleo lililofuata nikanunua tena, mpaka jumla ikafika shilingi 310,000. Mume wangu alijua kuhusu 60,000. Cherehani niliyokuwa nimemwahidi mama yangu ilinunuliwa mwaka mmoja baadaye, na hadi leo nikiisikia ikilia ninatazama chini.

Sikupanda daraja. Nilipata karata mbili za Legendary, zile adimu kabisa, za Priest, tabaka (yaani aina ya shujaa) ambalo sikuwahi kulicheza, na nikazivunja zote mbili kwa hasira. Hesabu yake ninaijua sasa kama ninavyoijua hati ya malipo: Legendary moja ikivunjwa inakupa vumbi 400, lile la kutengenezea karata, na kuitengeneza nyingine unahitaji vumbi 1600. Nilibadilisha kwa kiwango cha nne kwa moja, mimi mtu wa mahesabu.

Katika kundi letu la WhatsApp la wachezaji kulikuwa na kijana mmoja ambaye hakuwahi kulipa hata senti, na alikuwa ananifunga kila tulipopambana. Siku nilipolalamika kwamba ana bahati, alinibandika jina la Bi. Pakiti. Kundi zima lilicheka, na jina likaganda. Simtaji, ingawa anajijua, na ingawa mwezi uliopita alikuwa Platinum, daraja la chini ya Diamond, wakati mimi napiga picha ya nembo yangu. Kilichoniuma ni kwamba siku ile ile aliniambia jambo la kweli na mimi nikalisikia kama tusi: “Bi. Pakiti, rekodi mechi zako halafu uziangalie, utaona aibu.”

Ilinichukua karibu mwaka kumtii. Simu yangu ina kitufe cha kurekodi skrini, na nilikiwasha kwa nia ya kumthibitishia kwamba ninaonewa na bahati. Mechi ya kwanza niliyoirekodi nilikuwa na deki ya tabaka la Hunter dhidi ya tabaka la Mage. Ilikuwa zamu ya saba, mana zangu 7, uhai wake 13. Mezani kwangu palikuwa na Savannah Highmane, yule simba ambaye akifa hugeuka kuwa fisi wawili (aliyemzaa simba huyo nadhani hajawahi kufika Mikumi), mwenye nguvu ya kupiga 6. Mkononi nilikuwa na Kill Command, ambayo kwa mana 3 hupiga 5 ukiwa na mnyama mezani. Uwezo wa shujaa wangu, kwa mana 2, hupiga 2. Yeye alikuwa na kiumbe mmoja, Water Elemental, asiyeweza kumkinga.

Sita na tano na mbili ni kumi na tatu. Mechi ilikuwa imekwisha. Mimi nikamtuma simba akampige yule Elemental, kwa sababu aliniudhi, na nikaiweka Kill Command akiba. Zamu iliyofuata Mage akatoa Polymorph, simba wangu akawa kondoo, fisi hawakutoka, na zamu nne baadaye nilikuwa nimekufa. Katika rekodi nilisikika nikisema kwa sauti kubwa ndani ya daladala: “Hawa wanaolipa hawa!” Polymorph wakati ule ilikuwa karata ya msingi. Kila mchezaji alikuwa nayo bure, hata mimi.

Niliirudia video hiyo mara tano. Kisha nikarekodi mechi 20 nilizoshindwa na kuziandika katika daftari la kazini, upande wa nyuma. Katika mechi 13 kulikuwa na kosa langu ambalo hata mtoto wa darasa la tano angeliona. Katika mechi nne karata nilizohitaji zilikaa chini kabisa ya deki, na hapo hakuna mwenye lawama. Mechi zilizobaki, yaani tatu tu, ndizo nilizofungwa na karata ambazo sikuwa nazo na nisingeweza kuzipata upesi. Fedha ya mama yangu yote niliitumia kutibu mechi tatu kati ya ishirini.

Sasa nirudi kwenye yale maoni karibu mia uliyoyasoma, mdogo wangu, na nikukirie jambo: moja linaweza kuwa la kwangu. Dakika kumi baada ya simba wangu kuwa kondoo, kabla sijaiangalia rekodi, nilitoa nyota moja na maneno ambayo sitayarudia hapa. Watu kadhaa waliliunga mkono. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba mwandishi wake alikuwa amekosa kujumlisha hadi kumi na tatu. Ndiyo maana nakuambia kwamba maoni mengi ya wachezaji huandikwa ndani ya ile nusu saa baada ya kufungwa, na tunajisifu kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini kukubali kwenyewe tunakuweka kesho.

Sisemi kwamba wachezaji husema uongo. Mwaka 2018 kampuni ya Valve ilitoa Artifact, mchezo wa karata uliobuniwa na Richard Garfield, yule yule aliyebuni mchezo maarufu wa karata wa Magic: The Gathering, na ikauuza kwa dola 20 huku karata zaidi zikiendelea kulipiwa, wachezaji walilalamika mapema, wakaondoka kwa makundi, na mwaka 2021 Valve ikaacha kuuendeleza na kuutoa bure. Hearthstone yenyewe, ilipobadilisha mfumo wa zawadi mnamo Novemba 2020, ilikumbana na kelele kubwa, na zawadi zikarekebishwa baadaye. Kelele zilizosaidia ni zile za watu waliokaa na kalamu wakahesabu dhahabu ya wiki moja kabla na baada. Kwa hiyo oni lenye hesabu lisome, tena tazama tarehe yake, kwa sababu lalamiko la 2020 linaweza kuwa lilishajibiwa wewe ukiwa bado shule ya msingi. Oni lenye matusi peke yake lipite.

Hata sifa uzipime. Legends of Runeterra, mchezo wa karata wa kampuni ya Riot, iliyotoka rasmi mwaka 2020, ilisifiwa mno kwa ukarimu, kwa kuwa ulikuwa unachagua karata unayoitaka badala ya kubahatisha pakiti. Mimi mwenyewe niliwahi kuhamia huko kwa miezi miwili. Mwanzoni mwa 2024 Riot ikatangaza kupunguza timu ya mchezo huo na kuelekeza nguvu katika kucheza dhidi ya kompyuta, kwa sababu mapato hayakuwa yakitosha. Tuliousifu tulikuwa wengi, waliolipa walikuwa wachache. Mimi, niliyemwaga 310,000 mahali pengine, huko sikulipa hata shilingi.

Unataka ushauri, nami ninao mdogo. Chagua tabaka moja na ulijue; mimi nilibaki na Hunter kwa sababu hesabu zake ni fupi na deki zake mara nyingi hazidai Legendary nyingi. Dhahabu yako iwekee toleo jipya, maana katika pakiti kumi za kwanza za toleo una uhakika wa kupata Legendary moja, ilhali baada ya hapo unaweza kusubiri hadi pakiti 40 nyingine. Usitengeneze karata ghali katika wiki mbili za kwanza za toleo, wakati kila mtu anashangilia kitu ambacho hakijapimwa. Usivunje karata ukiwa na hasira. Na karata ikipunguzwa nguvu na watengenezaji, subiri tangazo, kwa kuwa kwa muda mfupi huruhusiwa kuivunja na kurudishiwa vumbi lake lote. Hapo ndipo vumbi langu la deki ya mwezi uliopita lilipotoka. Zaidi ya hayo, rekodi mechi zako. Nimelisema, nitalisema tena: rekodi, hasa ulizoshindwa, na uziangalie kesho yake ukiwa umeshiba.

Kijana unayeanza leo bila fedha una kitu ambacho mimi nilikinunua kwa upatu mzima. Huna pakiti ya kuisingizia. Ukifungwa utalazimika kujitazama, na ukijitazama mara ishirini utaanza kuwafunga watu wazima wenye mishahara, nao watakwenda kuandika kwamba wewe ni tajiri. Waache waandike. Vijana wetu wengi wanashindwa kwa sababu wanamtafuta mchawi kabla ya kulitafuta kosa, na hilo silisemi juu ya karata pekee. Nimeliona ofisini, nimeliona katika ndoa, na nimeliona kwangu mwenyewe.

Kwa hiyo usifute. Endelea, usimpe mtu yeyote namba ya kadi yako ya pesa, na ukifika Gold niandikie nikutangaze hapa. Mimi tangu tarehe mosi nimerudi Bronze kama kila mtu, maana madaraja huanza upya kila mwezi, na jana asubuhi nimepoteza mechi mbili mfululizo kabla daladala haijafika Mtoni kwa Aziz Ali. Zote mbili nimezirekodi. Ya kwanza nimeshaiangalia: nilimsahau fisi mmoja mezani, zamu mbili mfululizo.