Hujarogwa, Una Njaa ya Watu

Juzi kaniandikia kijana wa Amu aliyehamia huku Malindi kikazi: "Kaka, chumba kizuri, mshahara upo, lakini jioni nikifunga mlango nasikia mwili mzima unauma. Nimerogwa nini?"

Hujarogwa, mdogo wangu. Una njaa ya watu.

Na nikisema njaa sikutanii. Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walitoa jaribio moja: watu walikaa saa 10 bila kuonana wala kuongea na yeyote, na siku nyingine wakashinda saa 10 bila kula. Kisha wakapigwa picha za ubongo. Kile kisehemu cha ndani kinachomtamanisha mwenye njaa akionyeshwa picha ya chakula ndicho kilichowaka kwa wapweke walipoonyeshwa picha za watu wakiwa pamoja. Sote tumewahi kupita penye viazi karai Ramadhani kabla ya magharibi. Basi ndivyo hivyo.

John Cacioppo, mwanasaikolojia wa Chicago aliyefariki 2018, alishikilia kwamba uchungu huu tumeurithi kwa faida. Mtu wa kale aliyebaki nyuma ya wenzake aliliwa. Aliyeumia akarudi kundini ndiye aliyezaa. Si binadamu tu. Nyani wa Amboseli wanafuatiliwa tangu 1971, na imeonekana majike wenye marafiki wa kudumu huishi zaidi, na watoto wao hupona zaidi.

Sisi wa Malindi tuna mfano wetu. Ile tsunami ya Desemba 2004 ilimwacha mtoto wa kiboko peke yake baharini, karibu na mlango wa mto Sabaki. Watu wakamwokoa kwa nyavu, akapelekwa Haller Park, hifadhi ya wanyama Mombasa. Aliposhushwa tu, alikimbilia nyuma ya Mzee, kobe mkubwa wa Aldabra aliyekadiriwa wakati ule kuwa na miaka 130 hivi. Kobe mwanzo alimkataa. Kiboko hakujali, akamfuata hivyo hivyo, mpaka wakawa wanakula na kulala pamoja. Huyo hakuona haya!

Mimi nilitoka Amu na begi moja, nikapanga chumba Maweni, nikaanza kutafsiri nyaraka kwa kompyuta ya kuazima. Leo nina ofisi na vijana wawili, alhamdulillahi, na waliosema nimekuja kupoteza wakati wananiomba kazi. Lakini ile miaka ya mwanzo! Rafiki niliyesoma naye madrasa alioa mtaa wa pili, kadi haikunifika. Nililala nikisikia matarumbeta mpaka usiku wa manane. Wiki ile nikashikwa na mafua yasiyotaka kwisha.

Mafua yale siwezi kuapa yalitokana na harusi. Ila mwaka 2007 Cacioppo na wenzake walionyesha kwamba kwa watu wenye upweke wa muda mrefu, chembe nyeupe za damu huchochea zaidi jeni za uvimbe wa kidonda na kupunguza zile za kupigana na virusi. Mwili unajiandaa kwa jeraha, kana kwamba simba yuko mlangoni.

Akili nayo inakuwa askari wa zamu: mpweke huona dharau hata pasipo na dharau, hukasirika upesi, akazidi kujitenga. Nimeyasoma hayo na nayakubali. Na bado nasema ile kadi haikupotea.

Sasa wewe, toka nje. Nyinyi vijana mnataka kufanikiwa, vizuri, lakini mnajifungia na simu mkidhani marafiki elfu wa mtandaoni watakuja kukuzikeni. Toka. Jirani msalimie kwa jina, muulize habari za watoto. Akikujibu mkato leo, kesho msalimie tena. Msikitini usiwe wa kwanza kuvaa viatu. Baada ya isha nenda barazani wanapocheza bao, keti, hata kama mchezo huujui. Na usiniambie kahawa huinywi. Nunua kashata, mpe na wa pembeni yako, kaa.