Umemuuliza Nani? Niliyoachiwa na Mwalimu Wangu wa Mazingira

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mwaka wa pili, anayesoma sayansi ya mazingira, aliniandikia: "Kaka, shikamoo. Kozi yetu hii bila mtu hutoboi. Wewe mtu wako alikuwa nani, na ulimpataje?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili. Bahati mbaya mtu wangu tumemzika mwezi Machi na sijaandika lolote juu yake, kwa hiyo jibu limekuwa refu.

Jina lake silitaji, familia yake haipendi makelele ya mitandaoni. Tulimwita Mwalimu, ingawa uprofesa aliupata sisi tukiwa bado shule ya msingi. Alifundisha SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, mama mfupi wa Kisambaa aliyeingia darasani na raba miguuni kana kwamba muda wowote tungepanda Uluguru. Wengi walimkwepa. Nilimwogopa kuliko kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli.

Siku moja alikuwa anafundisha habari za ardhi iliyochoka ya Usukumani: miti ilivyofyekwa kupambana na mbung'o, pamba ilivyopanuka, mifugo ilivyoongezeka. Akauliza, nani humu amewahi kuona ngitili kwa macho yake? Mimi ni mtu wa Maswa. Babu yangu alikuwa na ngitili. Nikanyoosha mkono, nikaanza kueleza: kipande cha malisho kinafungwa mvua zinapoanza, hakuna mfugo kuingia, mpaka kiangazi kikikolea na nyasi za nje zimekwisha. Kikifunguliwa, wanaotangulia ni ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na maksai wa kulimia. Anayeingiza mifugo kwa wizi anaitwa kwenye dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, na faini yake kijiji kizima kinaijua.

Mwalimu akanikatiza. "Njoo mbele." Nikaenda. Yeye akaketi kiti cha mbele, akafungua daftari, akaanza kuandika ninayosema. Profesa! Nikaongea hadi kipindi kikaisha.

Kipindi kilichofuata ndipo alipoweka takwimu zake juu ya maneno yangu. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia mwaka 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Miche ya kwenye vitalu ilisaidia kidogo, alisema, ila kilichorudisha miti ni kwamba watu wa mradi waliacha kuwafundisha wazee na kuanza kuwauliza. Tangu siku hiyo akaniita Mjukuu wa Ngitili, mpaka kwenye ujumbe wake wa mwisho wa simu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ushauri wa kwanza ndio huo. Usiende ofisini kwa profesa na bahasha ya vyeti na sentensi ya "naomba uwe mlezi wangu". Nenda na kitu anachokosa yeye. Hata kama umetoka kijiji ambacho hakimo kwenye ramani, kuna jambo la maji, la udongo au la samaki unalolijua kuliko yeye. Wenzangu walisema napendelewa. Waliosema hivyo hawakuwahi kunyoosha mkono.

Alipokuwa msimamizi wa tasnifu yangu nililia, na sioni haya kusema. Kalamu yake nyekundu ilikuwa na swali moja pembeni mwa karibu kila ukurasa: "Umemuuliza nani?" Ukiandika kwamba wananchi wana uelewa mdogo wa mazingira, anapiga mstari na kuuliza hivyo. Tulipokwenda fildi Mazumbai, Usambara Magharibi, alikataa tuandike jina la mti ambao hatujagusa gome lake na kumsikia mwenyeji akiuita. Kwenye msitu wa Amani, Usambara Mashariki, alituonyesha Maesopsis, mti ulioletwa ukapandwa, ukaota wenyewe hadi ndani ya msitu wa asili. Kwa mbali unaona kijani tupu na unafurahi. Yeye hakufurahi.

Na kisa cha chura wa Kihansi alikirudia kila mwaka. Chura mdogo, anayezaa vitoto vilivyokamilika badala ya viluwiluwi, anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Udzungwa na si kwingine duniani. Alikuja kuonekana mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme umeshaanza. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo ya megawati 180, manyunyu yakakauka, mamia ya vyura wakapelekwa Marekani kutunzwa, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Mwalimu hakuwa mpinzani wa umeme, nyumbani kwake alikuwa na friji mbili. Alichotaka tujue ni kwamba aliyekwenda kuangalia alichelewa kwenda.

Miaka ya baada ya kuhitimu nairuka, ilikuwa ya kutafuta nauli. Ila kuna kampuni moja ya ushauri iliyoniajiri, nikapewa kazi ya kuandika sura ya mimea na wanyama, kwenye ripoti ya tathmini ya mazingira ya mradi wa machimbo ya kokoto, bila kufika eneo la mradi. Nikakabidhiwa ripoti ya mkoa mwingine, nikaambiwa badilisha majina ya wilaya. Nilikataa. Mkataba haukuongezwa. Aliyekubali alinunua gari mwaka uleule, na mpaka leo nikiliona barabarani tumbo linanikata.

Nilimpigia Mwalimu nikitegemea kusifiwa. Akaniuliza tu nimebakiza kodi ya miezi mingapi, kisha akanipeleka kwa mwanafunzi wake wa zamani aliyehitaji mtu wa kupima miti. Ndiyo, hiyo ni koneksheni, msinicheke. Lakini alinitafutia kazi kwa sababu alijua nitaigusa miti.

Mwaka huu nimesajiliwa kuwa mtaalamu wa tathmini ya athari kwa mazingira, na najivunia. Nanyi mnaotaka kufika hapa, acheni kudhani njia ni semina na picha na wakubwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka wananchi washirikishwe, na sisi tunapeleka karatasi ya mahudhurio yenye saini na posho. Kaeni chini na watu! Muulizeni mama anayechota maji, mchunga mbuzi, mzee wa ngitili. Ulizeni tena.

Nimeamua kusoma rasimu za wanafunzi wachache kila muhula, bure. Tuma kurasa mbili, zisizidi. Pembeni mwa kila dai andika uliongea na nani, anafanya kazi gani, na mlikutana wapi. Wasifu wako usinitumie, sitaufungua.